Bata ya East Tilbury, kiwanda kilichozaliwa na ushuru wa forodha

Aliyesoma shule Kenya ukimtajia Bata, atakujibu Toughees, vile viatu vya shule, na Limuru, kilipo kiwanda chake, na hashangai akidhani kampuni yenyewe ni ya Kenya. Wazee wa East Tilbury, kule Essex, Uingereza, nao wana yao: kwao Bata ni Mwingereza. Ukweli ni kwamba Tomáš Baťa na ndugu zake walianzia Zlín, mji wa Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1894. Mimi nashughulika na majengo ya viwanda vya zamani, na hiki cha East Tilbury ndicho ninachoulizwa zaidi: Wacheki walifuata nini kwenye tambarare zenye majimaji kando ya mto Thames?

Husimuliwa kwamba kasisi mmoja wa Tilbury alimwandikia Baťa barua akimweleza jinsi vijana wa huko walivyokosa kazi. Sina ugomvi na kisa hicho, ila barua peke yake haihamishi kiwanda. Uingereza ilikuwa soko kubwa la viatu vya Zlín. Mwaka 1932 ikaachana na biashara huria na kuzitoza ushuru bidhaa nyingi za nje. Baťa akabaki na njia mbili: kulipia kila shehena mpakani, au kushonea viatu ndani ya mpaka. Ardhi ya Essex ilikuwa rahisi, reli ilipita hapo hapo, na bandari ya Tilbury ilikuwa jirani.

Baťa mwenyewe hakukiona kiwanda hicho. Alifariki Julai 1932 ndege yake ilipoanguka karibu na Zlín, na usukani ukashikwa na Jan Antonín, ndugu yake wa baba mmoja. Uzalishaji East Tilbury ulianza 1933.

Sasa tuingie kwenye majengo, maana hapo ndipo penye utamu. Zlín walikuwa na kipimo kimoja cha kila kitu: nguzo hadi nguzo, mita 6.15. Ukishaongeza vyumba vya namna hiyo kwa urefu, kwa upana na kwenda juu, unapata karakana ya ghorofa tano. Kati ya nguzo ni vioo vitupu, kwa sababu mshonaji wa ngozi anahitaji mwanga kuliko kitu kingine chochote. Faida yake kwa mwenye mali ni kwamba mpangilio wa mashine uliojaribiwa Zlín unahamishika ulivyo hadi Essex, bila kupimwa upya. Jengo lenyewe lilikuwa kama kalibu ya kiatu: namba ikishajulikana, unatoa nakala.

Nyumba za wafanyakazi zilifuata mkondo huo huo, za boksi na paa bapa, jambo lililowashangaza majirani waliozoea paa za vigae. Kampuni ikaongeza hoteli, sinema, maduka, bwawa la kuogelea na hata gazeti lake. Wengine huita huo ukarimu. Mimi naona hesabu: mwenye nyumba akiwa ndiye mwajiri, kuacha kazi ni kuhama. Hata hivyo, wengi waliokulia pale hupasifu, na siwezi kuwabishia maisha yao.

Wakati wa vita kiwanda kilishona buti za jeshi, na baada ya vita kikawa na maelfu ya wafanyakazi. Kuanzia miaka ya 1960 viatu vya bei nafuu kutoka nje vikazidi kumiminika. Ule ukuta wa ushuru uliokizaa ulikuwa umeshabomoka, na sehemu za kazi zikafungwa moja baada ya nyingine hadi ya mwisho mwaka 2005.

Eneo hilo limehifadhiwa kisheria tangu 1993, na jengo kuu la viatu vya ngozi haliruhusiwi kubomolewa ovyo. Ukitaka kuliona, panda treni London Fenchurch Street ushuke East Tilbury, kisha pitia maktaba ya hapo, wanakotunza picha na kumbukumbu za wafanyakazi. Sanamu ya Tomáš Baťa iliyowekwa 1955 ipo karibu na kiwanda.