Udongo wa Juu si Kifusi: Dhana Potofu Kuhusu Urejeshaji wa Machimbo ya Mawe

Katika kazi yangu ya kuwashauri wenye machimbo ya mawe na kokoto kati ya Mbeya na Iringa, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kama hii: "Ardhi tutairejesha tukishamaliza kuchimba." Niliisikia tena hivi karibuni, nikiwa nimesimama juu ya lundo la kifusi ambamo udongo mweusi ulioondolewa siku ya kwanza ulikuwa umechanganywa na mawe yasiyouzika, na nikiri kwamba uvumilivu wangu ulikwisha papo hapo.

Ukweli ni kwamba urejeshaji huamuliwa siku katapila linapoingia, si siku linapoondoka. Sentimita 15 hadi 30 za juu ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya mboji, mbegu zilizolala, mizizi inayoweza kuchipua, na kuvu wanaoishi kwa ushirika na mizizi ya miti. Katika misitu yetu ya miombo, myombo na mkusu hutegemea kuvu hao ili kupata virutubisho, na aina nyingi za uyoga tunaookota huko msimu wa mvua ni mazao ya ushirika huohuo. Aliyeufukia udongo huo chini ya kifusi ameufukia msitu wenyewe, na magunia ya mbolea atakayonunua miaka kumi baadaye hayatamrudishia kuvu wala mbegu.

Udongo huo uondolewe wakati wa kiangazi, kwa kuwa ukiwa na maji hushindiliwa na mitambo hadi hewa isipite. Utengwe na tabaka lililo chini yake. Lundo lisizidi mita mbili kwenda juu, maana katikati ya lundo refu hewa haifiki na viumbe hai hufa. Lipandwe majani, na magari yasipite juu yake. Lililo bora zaidi, na hili nitalirudia mpaka nistaafu, ni kutourundika kabisa: utoke katika eneo jipya linalofunguliwa, uende moja kwa moja kutandazwa katika eneo ambalo mawe yake yamekwisha, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wapo wanaonijibu kwamba hawana fedha za kazi hiyo. Lakini katapila ni lilelile na dereva ni yuleyule. Mara nyingi kinachobadilika ni mahali pa kumwagia tu.

Dhana ya pili ni kwamba kupanda mikaratusi kunatosha kurejesha ardhi. Sikatai kwamba hukua haraka na nguzo zake huuzika, ila shamba la mikaratusi ni zao la biashara, si makazi ya wanyamapori, na hunywa maji mengi. Wengine hunitajia Bamburi, Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji mwaka 1971. Husahau kwamba majani ya mivinje ile yalilundikana bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo wa kuyala, na kwamba mvinje ulifaa kwa sababu unastahimili chumvi ya pwani, sifa isiyo na faida yoyote juu ya miamba ya itale (graniti) ya Iringa.

Wapo pia wanaodai kwamba wanyama wote walikwisha kukimbia baruti. Si kweli: pimbi huishi katika nyufa za miamba, bundi na kozi hutaga kwenye kingo za mawe katika kuta zilizoachwa, na popo hujificha humo humo. Kabla ya kulipua ukuta uliokaa miezi kadhaa bila kuguswa, mtu aukague. Na chimbo linapofungwa, ukuta mmoja ulio imara ubakizwe bila kusawazishwa.

Mwisho ni wale wanaoamini kwamba mto ukiwa ndani ya eneo la leseni, kingo zake nazo ni za kuchimbwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zipimwe na kuwekewa nguzo zilizopakwa rangi kabla mtambo wa kwanza haujawashwa, kwa sababu dereva wa katapila hapewi leseni aisome.