Je, wajua simu moja ya intaneti inawezaje kulia kwenye vifaa vitatu kwa pamoja?

Mtu amepiga namba yako mara moja tu. Simu ya mezani inalia, programu ya simu kwenye simu janja inalia, na kompyuta nayo inalia. Ukipokea kwenye kimoja, vingine vinanyamaza papo hapo. Nani anavipanga?

Simu ya intaneti haihitaji laini inayokaa ndani ya kifaa. Namba yako ni jina lililo kwenye seva, na kifaa chochote chenye nywila sahihi kinaweza kuiarifu seva hiyo kwamba mwenye jina anapatikana kwake, kwa anwani fulani ya intaneti. Huko ndiko kujisajili. Katika SIP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya mashine) inayotumiwa sana na mitambo ya simu za intaneti, jina moja linaruhusiwa kuwa na anwani kadhaa. Kanuni zake za msingi, RFC 3261, zilitolewa mwaka 2002. Usajili una kikomo, mara nyingi sekunde 3600 au pungufu, na kifaa kisipoujadidi hufutwa kwenye orodha kimyakimya.

Simu inapoingia, seva hufungua orodha na kutuma mwaliko uitwao INVITE kwa kila anwani iliyomo. Kila mwaliko ni tawi lenye alama yake, ili majibu yasichanganyike. Kila kifaa kikianza kulia hurudisha msimbo 180, naye mpigaji husikia mlio mmoja tu, hata kama matawi ni matano. Ukitaka, seva inaweza kwenda kwa zamu: simu ya mezani kwanza, ikikaa bila kupokelewa ndipo ifuate ya mkononi.

Lakini kuviliza vifaa vyote ndiyo kazi nyepesi. Kasheshe iko kwenye kuvinyamazisha. Ukipokea, kifaa hicho hutuma msimbo 200, na seva hukimbilia matawi mengine na amri ya CANCEL. Simu nyingi hapo huandika kwamba kuna simu ambayo haikupokelewa, ilhali umeongea na mtu huyo nusu saa nzima: zimeambiwa ziache kulia, hazikuambiwa kwa nini. Dawa ipo. Seva inaweza kuambatanisha na CANCEL maelezo kwamba simu imepokelewa kwingine, na kifaa kinachoyaelewa hakitaandika chochote. Si vyote vinavyoyaelewa.

Na watu wawili wakipokea kwa wakati uleule? Hutokea, hasa ofisini. Majibu yote mawili humfikia mpigaji, na kwa kawaida kifaa chake hubaki na moja na kukata jingine. Mitambo mingi ya ofisini haisubiri hayo. Hukaa katikati na kuchagua yenyewe aliyetangulia.

Kukataa simu nako kuna utata. Kifaa kikijibu 486, yaani kina shughuli, vingine huendelea kulia. Kikijibu 603, maana yake mwenyewe hataki kuongea, na seva inayofuata kanuni hunyamazisha vyote. Kitufe chekundu ni kilekile machoni pako. Aliyetengeneza programu ndiye aliyeamua kitume msimbo upi.

Mtego mbaya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuongeza namba ya kawaida ya mkononi kwenye kundi la vifaa vinavyolia pamoja. Simu hiyo ikiwa imezimwa, huduma ya ujumbe wa sauti huweza kudaka mara moja. Kwa seva, huko ni kupokelewa, kwa hiyo vifaa vingine vinakatwa kabla hujanyoosha mkono. Ndiyo sababu baadhi ya mifumo humtaka anayepokea kwenye mkononi abonyeze tarakimu, mashine isije ikahesabiwa kuwa mtu.

Programu kwenye simu janja ina shida yake ya pekee. Ili kuokoa betri, simu huilaza programu, na INVITE hugonga mlango usio na mtu. Mifumo ya kisasa hutuma kwanza arifa ya kuiamsha, kisha programu hujisajili na kupokea mwaliko wake. Ndiyo maana ya mkononi huchelewa kidogo kulia kuliko ya mezani. Ikiwa hailii kabisa, angalia ruhusa za arifa na mipangilio ya kubana betri kabla ya kuilaumu seva.