Kwa nini mnazi wenye maji moto huzaa kuliko mnazi usio nao?

Muulize mkwezi yeyote wa Unguja ni mnazi gani anauogopa. Hatakutajia ule mrefu, atakutajia ule wenye maji moto. Ni wale chungu wa rangi ya kahawia nyekundu, miguu mirefu, wanaoshona majani mabichi ya mti hadi yakawa kiota. Akikuuma, hukunja tumbo na kumwaga asidi palepale alipokuchana, na hapo huulizi tena jina lake lilitoka wapi. Ukiwa juu, mikono yote miwili imekumbatia shina, huna hata wa kumpangusa.

Tatizo ni kwamba mnazi huohuo unaolaaniwa ndio mara nyingi unaomjazia mwenye shamba rundo la nazi.

Sababu iko kwenye kidaka, yaani nazi ikiwa bado changa kabisa. Kuna kunguni wa mimea, si yule wa kitandani, wa kahawia, mwembamba, ambaye hudunga maua ya kike na vidaka vichanga kwa mdomo wake ulio kama sindano. Mate yake ni sumu, huua sehemu aliyodunga. Vidaka vingi hupukutika kabla ya kufika kitale. Vinavyonusurika hukua hadi dafu na koroma, lakini vikiwa na makovu yaliyobonyea, vimepinda, vinatoa utomvu mzito kama gundi. Tena kunguni hawa hawahitaji kuwa wengi. Wachache tu kwenye kilele wanatosha kukuharibia mavuno. Ndiyo maana unaweza kupoteza vidaka msimu mzima bila kumwona aliyekuibia.

Maji moto humwona. Hukagua karara na panda za maua usiku na mchana, na wakimkuta kunguni humkamata miguu, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka anashindwa kusogea. Mtafiti Mwingereza Michael Way, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka 1951 kuhusu uhusiano huu wa kunguni na chungu. Kunguni alipopewa jina la kisayansi mwaka 1955 aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Heshima ya ajabu kidogo, lakini ndivyo wataalamu wa wadudu wanavyopeana zawadi.

Basi mbona minazi yote haina maji moto? Hapa ndipo wengi tunakosea: tunautazama mnazi peke yake, tunasahau kilicho kando yake na chini yake.

Anza na kando. Kiota cha maji moto ni majani yaliyounganishwa. Chungu hushikana viuno wakafanya mnyororo, wakavuta majani mawili yakakutana, kisha wengine huleta watoto wao, wale funza, na kuwapitisha huku na huku kama mwanamke anayeshona ukili. Uzi wa hariri unatoka mdomoni mwa mtoto. Kazi hiyo ni rahisi kwenye mchungwa, mkarafuu, mwembe au mstafeli, wenye majani mapana na laini. Makuti ni membamba na magumu. Halafu kundi moja huwa na viota vingi juu ya miti mingi, na linapenda kupita tawi kwa tawi. Shamba la minazi mitupu, vilele havigusani, ni kama visiwa visivyo na ngalawa. Shamba la mchanganyiko lina njia kila upande. Wachina walilijua hili zamani: maandishi ya takriban mwaka 304 yanaeleza chungu wa jamii hiyohiyo wakiuzwa sokoni pamoja na viota vyao ili walinde michungwa, na baadaye wakulima wakawawekea madaraja ya mianzi kutoka mti hadi mti.

Sasa chini. Adui mkubwa wa maji moto ni chungu mwenzake, mdogo, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Huyu huchimba udongoni kwenye mashina ya miti, hupanda kwa maelfu na kuwafukuza maji moto, ilhali kunguni hamshughulikii ipasavyo. Utafiti uliofanyika Tanzania kwenye shamba la michungwa ulionyesha kwamba ardhi ikipaliliwa ikabaki tupu, chungu huyu hushikilia mashina. Majani yakiachwa yaote chini ya miti, anapungua na maji moto wanapata nafasi. Yaani lile shamba linalofagiliwa kama ua wa nyumba, ambalo majirani wanalisifu, ndilo linalomkaribisha kunguni. Binafsi ningefyeka majani yakabaki mafupi, jembe nikaliweka pembeni.

Ukitaka kuwahamishia maji moto kwenye miti yako, kata viota vya kundi moja. Kuhakikisha, tia chungu wachache wa kila kiota kwenye chupa moja ya kioo uwaangalie. Wakigusana pembe na kutulia, ni ndugu. Wakishikana miguu na kuvutana, rudisha kimoja ulikokitoa. Funga viota mtini, unganisha miti kwa kamba ili wapite. Na siku ya kuangua, mpe mkwezi majivu ajipake mikononi na miguuni, kisha umwongezee malipo kidogo.