Kurefusha usukani hakuifanyi skuta kuwa ya mtu mzima

Wiki hii wamefika watu wazima watatu karakanani kwangu. Kila mmoja na skuta ya mtoto wake, ile ya kusukuma kwa mguu, imechomelewa kipande cha bomba kwenye usukani. "Fundi, nimeshairefusha, nikazie tu, kesho naenda nayo kazini." Hapana! Usukani ndio kazi nyepesi kuliko zote kwenye skuta, na ndio wa mwisho kuufikiria. Tena ukiurefusha, bawaba ya kukunjia, ileile iliyotengenezewa mtoto, sasa inavutwa na mkono wa mtu mzima kutoka juu zaidi. Itakatika.

Wala msiniambie hiki ni chombo cha watoto. Skuta ya alumini inayokunjwa aliibuni Wim Ouboter wa Uswisi, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi benki, kwa sababu banda la soseji alilolipenda mjini Zürich lilikuwa mbali kidogo kwa miguu na karibu mno kutoa gari. Watoto waliidaka baadaye, ilipovuma mwaka 2000. Hapa Dar umbali huo tunao kila asubuhi, kati ya kituo cha mabasi ya mwendokasi na mlango wa ofisi.

Tairi nitalimaliza haraka. Tairi la kipenyo cha milimita 100 likikuta jiwe la sentimita 2, kulivusha kwa kusukuma mbele kunataka nguvu ya mara 1.33 ya uzito uliolilalia. Tairi la milimita 200 linataka robo tatu ya uzito huo. La 300 halifiki asilimia 60. Kwa hiyo dogo linagoma ghafla nawe unarushwa juu ya usukani. Hili watu wanalielewa upesi, wanaenda kununua tairi kubwa, wanalifunga, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu ubao wa kukanyagia umepanda pamoja nalo.

Simama kwa mguu mmoja juu ya kitabu kinene, kisha gusa sakafu kwa mguu wa pili. Umeona goti lililokubeba lilivyojikunja? Sasa ongeza kitabu kingine. Hiyo ndiyo skuta. Kinachochoka si mguu unaosukuma, ni ule uliosimama, na hakuna anayeuliza habari zake. Ubao ukipanda sentimita 3 tu, kwa safari ya kilomita 2, msukumo mmoja kila mita 3, unapiga misukumo zaidi ya 660. Zidisha: mita 20 za kujiinua, kama kupanda ngazi za ghorofa sita, juu ya goti moja. Kwenye matumizi hazitimii zote 20, maana mtu hulaza nyonga na kunyoosha vidole. Lakini goti linajua. Badilisha mguu kila misukumo kumi, nawaomba.

Waendesha chukudu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walilijua hili zamani. Chukudu ni skuta ya mbao inayobeba mamia ya kilo, na ubao wake uko juu. Mwendeshaji hasimami juu yake, anapiga goti moja kwenye ubao, penye kipande cha raba, na kusukuma kwa mguu wa pili. Goti limeshakunjwa tangu mwanzo, halipandi wala halishuki. Mfanyakazi mwenye suruali ya ofisini hawezi kupiga goti, basi ubao lazima umfuate chini.

Ninachofanya ni kuuning'iniza ubao chini ya ekseli. Mbele tairi la inchi 16, nyuma inchi 12, yale ya baiskeli za watoto, kwa kuwa tyubu zake unapata popote. Ubao ni bati nene la chuma, si mbao, kwani kila milimita ya unene ni milimita ya goti. Nyuma nauchonga uwe mwembamba, na nati za ekseli nazificha, la sivyo kisigino kinazigonga siku nzima. Uso wa juu wa ubao nautaka uwe sentimita 9 kutoka ardhini. Nilijaribu 7, goti likafurahi, tumbo la skuta likakwama kwenye tuta la kwanza. Kwenye 8 linakwaruza matuta mengine na mengine linapita. Kila skuta mpya nabishana upya na sentimita hiyo moja.

Na kukunja? Hapo sina jibu ninaloweza kulitetea. Skuta ya tairi la inchi 16 haina pa kukaa ndani ya basi saa moja asubuhi. Nikiweka bawaba, baada ya miezi michache usukani unacheza, nakaza, unacheza tena. Nisipoiweka, mwenye skuta anabaki nje ya basi. Nina moja ya kila aina karakanani na bado sijaamua ipi niuze.

Yule wa mwisho nimemkatia lile bomba na kumrudishia mtoto skuta yake. Jumamosi anakuja tena, nimpime goti kwanza.