Ovaholi si dawa ya kila mashine: dhana potofu za matengenezo kiwandani

"Mashine huchakaa kwa umri, kwa hiyo saa zikitimia ifunguliwe yote na kukarabatiwa, yaani ifanyiwe ovaholi." Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa United Airlines, walitoa ripoti iliyoyapa jina matengenezo yanayozingatia kuaminika kwa mtambo. Katika vifaa vya ndege walivyochunguza, asilimia 11 tu vilionyesha kuzeeka. Asilimia 68 vilikuwa hatarini zaidi vikiwa vipya au vimetoka kufunguliwa, kisha hatari ikashuka na kubaki palepale. Kiwanda cha saruji si ndege, kwa hiyo usinakili asilimia hizo. Ila pampu iliyofunguliwa bila dalili yoyote huweza kurudi na mchanga ndani ya beringi au kapulingi (kiungo cha pampu na mota) iliyopinda. Saa za kufungua ziwekewe vile vinavyolika kweli kwa kazi, kama impela (gurudumu linalosukuma tope) ya pampu ya tope.

"Grisi ikizidi haidhuru." Inadhuru sana. Beringi 6310 ina kipenyo cha nje cha mm 110 na upana wa mm 27. Kwa kanuni ya haraka, kipenyo × upana × 0.005, yaani 110 × 27 × 0.005, ni gramu 15 hivi za kuongezea. Piga pampu yako ya grisi mara 10 juu ya karatasi, upime kwenye mizani, ujue mkupuo mmoja ni gramu ngapi. Ikijazwa kupita kiasi, mipira ya chuma ya beringi huisonga kama ugali, beringi inachemka, na grisi huweza kupenya hadi kwenye waya za mota. Fungua kizibo cha kutolea kabla ya kuongeza. Kifunge baada ya mota kuzunguka na ziada kutoka.

"Kifaa cha kinga hakijawahi kuleta shida, basi ni kizima." Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa swichi inayozima boila maji yakipungua huweza kufa kimya. Tuseme huharibika wastani mara moja kwa miaka 10, nawe unakubali iwe mbovu asilimia 1 ya muda: mara mbili ya sehemu hiyo ya muda kwa miaka hiyo, yaani 2 × 0.01 × 10, ni mwaka 0.2, yaani ijaribiwe kila wiki 10 hivi. Ukiijaribu mara moja kwa mwaka, wastani wa ubovu usiojulikana ni asilimia 5. Na kubonyeza kitufe kwenye paneli si jaribio; kitufe hakiligusi boya linaloiendesha swichi, ambalo huenda limeganda chokaa. Shusha maji yenyewe polepole, mtu akiwa macho kwenye kioo cha kiwango, moto uzime kabla maji hayajapotea kiooni. Yakipotea moto ungali unawaka, uzime kwa mkono na usiingize maji.

"Usalama ni kazi ya idara nyingine." Tarehe 6 Julai 1988, kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na tundu lake limezibwa kwa kifuniko kisichokazwa sawasawa. Zamu ya usiku haikuwa na habari, ikaiwasha pampu; gesi ikavuja na kulipuka. Walikufa watu 167. Kibali cha kazi ya valvu kikae pamoja na kibali cha pampu yake, na kufuli ibaki kwenye swichi hadi vyote viwili vifungwe.