Ule mstari mweupe kwenye jiwe la mto ni nini hasa?

Jirani yangu hapa Mombasa kamwaga mawe ya mto mbele ya mlango kwa urembo, yale meusi laini, na moja lina mstari mweupe umelizunguka lote kama limefungwa uzi, basi watoto wakaanza ati limechorwa na jini. Hakuna jini hapo, ule ni mshipa.

Mshipa wa jiwe ni ufa ulioziba. Zamani sana jiwe hilo likiwa bado ni kipande cha mwamba mkubwa chini ya ardhi, mwamba ukakandamizwa ukapasuka, maji yenye madini (mara nyingi ni ya moto) yakapita humo na kuacha madini kidogo kidogo kwenye kingo mpaka nafasi yote ikajaa. Mto umekuja baadaye sana, kazi yake kusugua tu. Na ndio maana mstari unazunguka: ukilipasua jiwe utakuta ule weupe umepita mpaka ndani kama karatasi iliyobanwa kitabuni. Mishipa miwili ikikatana, ule uliomkata mwenzake ndio mdogo kwa umri.

Weupe wenyewe kwa kawaida ni madini ya kwatsi au ya kalsiti. Kamulia ndimu: kalsiti inatoa povu kidogo, kwatsi inanyamaza, halafu kwatsi inakwaruza chupa. La jirani halikutoa povu na chupa likaikwaruza vizuri tu, ila nililazimika kueleza kwa nini nayakamulia mawe ya watu ndimu.

Zile alama nyeusi kama vijiti vya mwani mnazoziona kwenye mawe mengine nazo si mmea, ni madini meusi ya manganizi yaliyojipenyeza kwenye ufa mwembamba.

Sasa huku kwetu mawe ni ya matumbawe, hata Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 imekaa juu ya mwamba huo huo. Zile nyota nyota na mistari ya kupindapinda ni mifupa ya matumbawe yenyewe. Lakini vile vishimo na ukuta kumwaga unga ni chumvi: maji ya bahari yanaingia kwenye vitundu, jua likikausha chumvi inaganda, inakua, inasukuma jiwe kwa ndani. Na hapo hapawi mshipa kamwe, maana chumvi ikipata mvua inayeyuka tena na kuacha nafasi wazi, kubwa kuliko jana.