Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Mbona padre wa kwanza Mwafrika hakutoka huko?

Wakatoliki wa Tanzania Bara huiita Bagamoyo mlango wa imani, na wana haki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanzisha misheni ambayo miembe yake, makaburi yake na msalaba wake wa ufukweni wageni huenda kuviona hadi leo. Hata Mapadre Weupe, shirika jingine la wamisionari Wakatoliki, waliokuwa wakielekea maziwa makuu mwaka 1878 walianzia safari yao Bagamoyo.

Sasa tazama jambo hili. Mapadre Wakatoliki wa kwanza Waafrika katika nchi yetu walipewa daraja mwaka 1917 huko Rubya, Bukoba, katika eneo la hao Mapadre Weupe waliopita Bagamoyo kama wageni. Waanglikana nao walikuwa na padre Mwafrika tangu 1890. Bagamoyo, iliyopokea mbegu mapema kuliko karibu bara zima, ilipitwa. Kwa nini?

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni useja na Kilatini. Padre Mkatoliki haoi, na siku hizo alipaswa kusoma falsafa na teolojia kwa Kilatini kwa miaka mingi. Ni kweli, na inaeleza kwa nini Waanglikana walitangulia. Lakini masharti hayo yalikuwa yale yale Bukoba, na Bukoba iliyaweza. Kwa hiyo tuangalie misheni yenyewe ilivyoishi.

Watu wa kwanza wa misheni ya Bagamoyo walikuwa hasa watoto waliokombolewa utumwani. Wengine walinunuliwa na mapadre kwenye soko la watumwa Unguja, wengine waliokolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini. Walitoka makabila mengi ya bara, wamepotezana na mama zao, hawana ukoo wa kuwatetea wala mjomba wa kuwaulizia. Misheni iliwalisha, ikawasomesha, ikawafundisha useremala, uhunzi na kilimo. Walipokua iliwaozesha, ikawapa nyumba na shamba katika kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Kengele iliwaamsha, ikawapeleka kazini, ikawarudisha kusali. Kimbunga cha 1872 kilipobomoa majengo, ni mikono yao iliyoyasimamisha tena.

Sisemi haya kuwadharau mapadre. Kumtoa mtoto kwenye minyororo ni tendo la Injili, na wengi wao walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Ila padre mmoja alikuwa baba, mwalimu, mwajiri na hakimu kwa wakati mmoja. Mtu uliyemnunua akiwa na miaka minane, ukamlea na kumwoza, ni vigumu sana kumwona siku moja kuwa mwenzako altareni. Hata akiwa na wajukuu, machoni pako atabaki mtoto wa misheni. Baadhi yao walichoka kuishi hivyo, wakaondoka kutafuta maisha nje ya kijiji, na mapadre waliliona hilo kuwa utovu wa shukrani. Mimi naliona kuwa ni watu wazima waliotaka kuishi kama watu wazima.

Wale waliobaki walifanya kazi ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru, ilipofunguliwa mwaka 1877, familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilipelekwa kuishi huko ili wenyeji wauone Ukristo majumbani kabla ya kuusikia kanisani. Ni kina mama na kina baba hawa waliozungumza na majirani kisimani na shambani. Walikuwa wamisionari kwa kila hali, isipokuwa daraja.

Tena wapo masista ambao mara nyingi husahaulika. Mabinti wa Maria walikuja kutoka kisiwa cha Réunion, katika shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa huko, nalo liliwapokea wanawake weusi waliotoka utumwani sawa na weupe. Kwa hiyo wazo la mtu mweusi kuwekwa wakfu kwa Mungu halikuwa geni hata kidogo kwenye misheni ya Bagamoyo.

Sasa twende upande wa Waanglikana wa UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, maana hapa ndipo hoja ya utumwa inapoyumba. Wao pia walianza na watoto waliotoka utumwani. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani alimkabidhi wavulana watano waliotekwa kwenye jahazi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyefika Unguja akiwa mtumwa, alipewa upadre mwaka 1890. Basi si utumwa uliowazuia vijana wa Bagamoyo.

Tofauti ninayoiona ni mbili. Kwanza, chuo cha Kiungani pale Unguja kilikusudiwa tangu mwanzo kutoa walimu na makasisi, na Askofu Edward Steere alishikilia kwamba Waafrika watahubiriwa na Waafrika. Pili, vijana hao walipelekwa mbali na kuachiwa kazi. Majaliwa aliwekwa Chitangali, kusini, mwaka 1886, bila Mzungu wa kumsimamia kila asubuhi. Huko aliongoza, akajenga kanisa la watu waliomsikiliza yeye.

Huku kwetu Tanga hali ilikuwa nyingine kabisa. Magila, karibu na Muheza, ambako waumini hupaita Msalabani, misheni ilipata mizizi kuanzia 1875 chini ya J. P. Farler. Hapakuwa na kijiji cha waliokombolewa. Wabondei walikuwa kwao, kwenye migomba yao, na wazee wao walikuwa na neno. Mmisionari alikuwa mgeni aliyehitaji ruhusa ya kukaa, na kijana aliyebatizwa alirudi jioni kulala kwa baba yake. Alipofanywa mwalimu, watu walimjua kuwa mtoto wa fulani, si mali ya misheni. Petro Limo, aliyepata upadre katika miaka ya 1890, alihudumu katika Kanisa hilo la Bonde, yaani nchi ya Wabondei.

Ningependa kuishia hapo na kuwapa UMCA ushindi, ila historia hainiruhusu. Utawala wa kikoloni ulipokita, Wazungu katika misheni waliongezeka, na Waafrika waliokwisha kuonyesha uwezo wakabaki chini ya vijana waliotoka Uingereza juzi. Kutoka upadre wa Majaliwa hadi Yohana Sepeku kuwa askofu msaidizi mwaka 1963 ilipita miaka 73. Hii si kasi ya watu waliokuwa na haraka ya kukabidhi.

Kilichosogeza mambo, kwa maoni yangu, mara nyingi kilikuwa kuondoka kwa mgeni bila yeye kupenda. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza wa Magila. Walimu na makasisi Waafrika walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 shuku ilizidi, na baadhi yao walifungwa na kuteswa. Waliobaki huru ndio waliosalisha, waliofundisha na waliozika. Wamisionari waliokuwa wameshikiliwa Tabora waliachiwa mwezi Septemba 1916, Wabelgiji walipoutwaa mji huo, na Kanisa la Bonde lilikuwa hai.

Kisha zamu ikageuka. Waingereza walipochukua nchi, Wajerumani wa misheni ya Bethel waliokuwa Tanga mjini na Usambara walifukuzwa, na Walutheri wa huko wakaachwa na walimu na wazee wao wenyewe hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Misheni hizo mbili, za mataifa yaliyokuwa yakipigana, zilishuhudia jambo lile lile ndani ya miaka 10: wenyeji walikuwa tayari zamani.

Bagamoyo haikupata pengo la namna hiyo katika miaka yake ya mwanzo. Mapadre walikufa, lakini meli ilileta wengine, na kiti hakikukaa wazi muda wa kutosha kwa mtoto wa kijiji cha Mtakatifu Yosefu kukikalia. Huko Bukoba, Askofu John Joseph Hirth hakungoja vita wala kifo. Alianzisha seminari ya Rubya mapema, akawavumilia vijana miaka yote ile ya Kilatini, na ndiyo maana Rubya ilikuwa na watu wa kuwekewa mikono mwaka 1917. Laurean Rugambwa naye alipita seminari hiyo hiyo kabla ya kuwa askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika.